Umeme umekatika, nje theluji, ndani kuna mtoto mchanga na mzee: tunafanyaje ikijirudia?

Kwanza niliweke swali hapa kwa kifupi ili hata ambaye hakulisoma tuende pamoja. Dada ameandika kwamba baridi kali iliwakuta, umeme ukakatika saa 31 mfululizo, ndani yuko yeye, mume wake, mtoto wa miezi 9 na mama mkwe wa miaka 74 anayechoma insulini. Hita yao ni ya gesi kwa hiyo hawakuwa na wasiwasi, ila umeme ulivyoondoka na hita ikagoma. Usiku mume akataka kuingiza jiko la mkaa sebuleni, dirisha waliache wazi kidogo, dada akakataa, wakagombana, na mpaka leo bado kuna manung'uniko. Kesho yake bomba la jikoni likapasuka. Anauliza nani alikuwa sahihi, na ikitokea tena wafanyeje, manake mume sasa anataka kununua jenereta.

Dada yangu, pole sana, na wewe ndo ulikuwa sahihi. Naomba shemeji asinichukie kwa hilo maana najua alitaka kuwaokoa, mtu akiona mwanae midomo inabadilika rangi anaweza kuchoma hata viti. Mimi kazi yangu kwa miaka mingi ni uokoaji, naingia kwenye nyumba za watu wakati wa tufani na baada yake, na nyumba ninazozikumbuka zaidi ni zile zenye jiko katikati ya chumba na dirisha lililoachwa wazi kidogo, kama hivyo hivyo alivyotaka yeye.

Mkaa unapowaka kwa moshi mwingi watu wanakohoa na kukimbia nje, huo angalau unajitangaza. Shida ni pale unapokuwa mwekundu, umetulia, hauna moshi, mtu anaona sasa umeshakuwa safi ngoja niuingize. Hapo bado unamwaga kaboni monoksaidi, hewa ambayo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo, na ikiingia kwenye damu inashikana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, yaani unapumua vizuri tu lakini mwili haupati kitu. Dirisha la kufungua vidole viwili haliondoi ile hewa kwa kasi inayozalishwa, na mkisinzia ndo basi, hakuna atakayeamka kuwaamsha wengine. Na sio mkaa peke yake, jiko la gesi la kupigia kambi ni hivyo hivyo, oveni ya gesi kuachwa mlango wazi ipashe chumba ni hivyo hivyo, gari kuwashwa gereji hata mlango wa gereji ukiwa wazi ni hivyo hivyo. Kupika chai dakika chache kwenye jiko lenu la gesi la kawaida, dirisha likiwa wazi, sawa, ila kuliacha liwake kama hita hapana kabisa.

Dalili zake zifahamuni wote humo ndani: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu haina nguvu. Watu wanadhani ni mafua, lakini mafua hayawashiki wote wanne kwa nusu saa, halafu mkitoka nje kichwa kinaachia mkirudi ndani kinaanza tena, na hamna homa. Mkiona hivyo shikeni makoti, tokeni wote, pigeni namba ya dharura mkiwa nje, na mtu asirudi kuangalia kitu. Kama mna hela ya kununua kitu kimoja tu kabla ya msimu ujao, ninunulieni alamu ya kaboni monoksaidi inayotumia betri, mkaiweke karibu na mnapolala. Sio ile ya moshi, ya moshi haiioni hii hewa.

Sasa baridi yenyewe, maana baridi nayo inaua na sitaki mtu aelewe kwamba akae tu ndani agande ili mradi hajawasha jiko. Februari 2021 kule Texas, Marekani, umeme uliondoka kwenye nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 katikati ya baridi ambayo watu wa kule hawajazoea, na jimbo lilikuja kuhesabu vifo 246. Wengi wao ni baridi iliwamaliza, tena majumbani mwao, na wengine ndo hiyo hewa ya sumu. Kwa hiyo kazi iko pande mbili, na kosa linaloanzisha yote mawili ni moja: watu wanahangaika kupasha nyumba. Nyumba bila umeme hamuiwezi dada, achaneni nayo, pasheni watu.

Hapa niseme kuhusu ile hita maana umeuliza kwa uchungu kwa nini iligoma wakati gesi ipo. Gesi ni chakula chake tu, lakini kuiwasha, kusukuma maji au upepo wa moto vyumbani, na zile saketi za usalama vyote vinakula umeme, umeme ukikatika inajifunga na inatakiwa ijifunge. Haikuharibika. Ila ndo ujue kwamba kwenye mipango yenu hita hiyo haipo.

Kupasha watu maana yake ni hivi. Chagueni chumba kimoja, kidogo, chenye dari fupi na madirisha machache, kisiwe kile kilicho juu ya gereji wala chenye kuta mbili za nje kama mna kingine, na kihamieni mapema, ndani ya saa ya kwanza au ya pili nyumba ikiwa bado ina joto lake, sio usiku wa manane mkiwa mmeshaganda. Wengi wanachelewa hapa, wanasema ngoja tuone labda utarudi. Fungeni milango ya vyumba vingine vyote, chini ya mlango wa chumba chenu tia taulo lililoviringishwa, dirishani tundikeni blanketi. Mchana kama kuna jua funua pazia la upande wa jua tu, likizama funika tena. Sakafu msiidharau, mwili unapoteza joto kwenda chini kuliko watu wanavyodhani, shusheni magodoro, chini yake tandikeni zulia, maboksi yaliyokunjuliwa, matakia ya makochi, chochote. Halafu mkiwa na hema la kambi lisimamisheni humo humo ndani, mkiwa hamna chukueni meza kubwa mfunike na mablanketi mpaka chini pande tatu. Sababu ni kwamba mtu mzima aliyetulia anatoa joto kama wati 100 muda wote, watu wazima watatu ni kama hita ndogo ya wati 300 isiyokula umeme, kwenye sebule kubwa haisaidii kitu ila kwenye kahema kadogo utashangaa. Mwanya kidogo wa hewa uachwe tu, msijizibe kama kopo.

Nguo ni tabaka tabaka, nyepesi nyingi zinazopwaya kidogo, kinachowapa joto ni hewa iliyonaswa katikati. Pamba ikilowa jasho inakuwa adui, kwa hiyo ya ndani iwe sufu au hizi za michezo, na kabla ya kulala badilisheni soksi hata kama mnaona ni kavu, miguu inatoa jasho bila taarifa. Kofia ndani ya nyumba, ndiyo. Kuleni kabla ya kulala, kitu chenye mafuta kidogo, mwili bila chakula hauna cha kuchoma. Pombe hapana, inafungua mishipa ya ngozi unasikia joto usoni wakati joto la ndani ndo linatoka, na inakuzuia kutetemeka vizuri, na kutetemeka ndo injini yako.

Mtoto. Huyu wa miezi 9 mwili wake unapoteza joto haraka kuliko wenu na kutetemeka hajui vizuri, kwa hiyo usisubiri atetemeke ndo ujue ana baridi. Mikono yake kuwa ya baridi sio kipimo, weka vidole nyuma ya shingo au kifuani, hapo pakiwa pa baridi ni tatizo. Mtoto aliyepoa sana anaweza kuwa na mashavu mekundu mazuri mtu akadhani yuko salama kumbe amezubaa, ametulia kupita kiasi, hataki kunyonya. Njia bora ya kumpasha akiwa macho ni ngozi kwa ngozi, avuliwe abaki na nepi na kofia, akae kifuani kwako au kwa baba yake, halafu mfunikwe wote pamoja. Kulala ndo naomba unisikilize vizuri: usimlaze katikati yenu chini ya duveti nzito, ni hatari ya kumziba pumzi hasa mkiwa mmechoka, alale kitandani kwake humo humo chumbani, chali, na nguo za tabaka na ule mfuko wake wa kulalia wa kuvaa mwilini, bila blanketi zinazohama. Kama chumba kimeshakuwa cha baridi mpaka unaona hivyo havimtoshi, basi jibu sio blanketi la tatu, jibu ni kuondoka.

Mama mkwe naye ana mambo matatu ambayo sidhani kama mliambiwa. La kwanza, uzee unapunguza kuisikia baridi. Ukimuuliza mama unasikia baridi atakwambia hapana mwanangu niko sawa, na hadanganyi, kweli haisikii. Muangalie mwenyewe kila saa: ulimi unakuwa mzito, anashindwa kufunga kifungo, anarudia neno, anasinzia sinzia. Joto la mwili likishuka chini ya 35 tayari ni dharura, na akiwa alikuwa anatetemeka halafu akaacha huku bado ana baridi, hapo hajapona, hapo amezidiwa. Piga simu, mvue chochote kilicholowa, mpashe katikati kwanza, yaani kifua, shingo, kichwa na kinena, kinywaji cha vuguvugu kama yuko timamu na anameza. Usimsugue mikono na miguu, usimtie maji ya moto, mgeuze polepole.

La pili, huyu ana sukari. Kutetemeka kunachoma sukari ya damu, na sukari ikishuka nayo inaleta kutetemeka, kuchanganyikiwa, usingizi, dalili zinafanana kabisa na za baridi. Kwa hiyo msibahatishe, pimeni, na ile mashine ya kupimia ikae ndani ya nguo ya mtu maana nyingi zinakataa kusoma kwenye baridi. Na kama sukari imemharibu hisia za miguu, usimwekee chupa ya maji ya moto miguuni, ataungua bila kujua na kidonda hicho kinaweza kuwa kibaya kuliko baridi yenyewe, mwekee tumboni au kifuani juu ya nguo, chupa imevishwa soksi nene.

La tatu ni insulini. Watu wote wanawaza itaharibika kwa joto friji likizima, wakati wa baridi tatizo ni kinyume, isigande. Ikiganda hata mara moja imekwisha, hata ikiyeyuka ikaonekana ya kawaida haifai kuchomwa tena. Usiiweke dirishani wala kwenye gari. Ile anayotumia sasa iweke kwenye kikoti cha ndani lakini isigusane na ngozi wala na chupa ya moto, nyingi zinavumilia joto la kawaida la chumba kama siku 28, karatasi ya ndani ya boksi itakwambia ya kwake. Zile ambazo hazijafunguliwa ziache kwenye friji lililozimika limefungwa, friji ni boksi lenye kuta nene, linazuia na baridi pia, ila nyumba ikikaribia kuganda zitoeni mje nazo chumbani.

Mtaondoka lini? Wekeni mstari leo mkiwa na joto na akili zimetulia, msije kubishana saa nane usiku. Shirika la Afya Duniani linashauri ndani ya nyumba pasishuke chini ya nyuzi 18, hiyo ni kwa maisha ya kawaida, bila umeme mtashuka. Mimi kwa nyumba yenye mtoto wa umri huo na mzee mwenye sukari ningeweka kipimajoto kwenye kile chumba, kikifika 13 na hakuna anayejua umeme unarudi lini, tunaenda kwa ndugu, jirani mwenye umeme, au kituo kilichofunguliwa, na tunaenda mchana barabara zikionekana. Huo ni mstari wangu tu, wenu unaweza kuwa wa juu, usiwe wa chini. Na msipange kwa saa 31 kisa mara hii ilikuwa hivyo, Januari 1998 mvua ya barafu iliangusha nguzo Quebec, Kanada, na zipo familia zilikaa karibu mwezi mzima.

Jenereta. Shemeji anunue kama hela ipo, sio wazo baya, ila kwa masharti, manake mkaa tulioukataa usije ukarudi kwa jina lingine. Ikae nje, wazi, sio barazani wala gereji, angalau mita 6 kutoka nyumbani, ekzosi imegeuzwa mbali na milango na madirisha, yenu na ya jirani. Ifunikwe kwa kibanda chake isinyeshewe na isifunikwe kwa turubai moja kwa moja. Mafuta yaongezwe ikiwa imezimwa na imepoa. Na kuna mchezo watu wanaufanya wa kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake, asithubutu, ule umeme unatoka nje kwenye nyaya za barabarani na unaweza kumuua fundi aliyepanda kuwarudishia nyie umeme. Ama avute ekstensheni nzito moja kwa moja mpaka kwenye kifaa, ama fundi umeme amfungie chenjiova, ile swichi inayoitenga nyumba na nyaya za barabarani jenereta inapowaka. Na muulize huyo fundi kama inawezekana ile hita iwashwe kwa jenereta, mara nyingi inachokula ni kidogo tu, hapo jenereta itakuwa imewasaidia kuliko kuwasha taa kumi.

Mambo madogo nayapitia haraka. Taa iwe tochi, ukiisimamisha chini ya jagi la maji mwanga unatawanyika chumba kizima, mishumaa na mtoto anayetambaa msiichanganye. Simu ziwekeni kwenye modi ya kubana chaji, moja iwe imezimwa kabisa ya akiba, na zikae mwilini manake betri inajifanya imekwisha ikiwa baridi. Pawabanki ya kawaida ikiwa imeganda usiichaji mpaka ipate joto. Chakula cha friji kinakaa kama saa 4 mlango usipofunguliwa, friza lililojaa kama saa 48, la nusu saa 24, na msikitupe kwenye theluji nje kwa sababu jua linakipasha na wanyama wanakuja, badala yake gandisheni chupa za maji nje mziingize kwenye friji, mbali na insulini. Kama maji yenu yanavutwa na pampu ya kisima jazeni ndoo mapema, na choo kitaflashi kwa kumwagia ndoo. Theluji ya kuyeyusha ni ya mwisho kabisa, debe zima linatoa maji kidogo mno, na ichemke.

Nimelibakiza bomba. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9 na hakuna bomba linalobishana na hilo. Hatari inaanza hasa nje ikishuka kama nyuzi 7 chini ya sifuri, na la jikoni ndo linatangulia kwa sababu sinki nyingi ziko ukuta wa nje na bomba limefichwa ndani ya kabati lililofungwa, joto la chumba halilifikii. Umeme ukikatika fungua milango ya makabati hayo, koki ya moto na ya baridi ziachie uzi mwembamba wa maji utiririke. Mkiona mnaondoka au nyumba inaelekea sifuri, funga valvu kubwa ya maji halafu fungua koki zote ya juu mpaka ya chini yatoke yote. Hiyo valvu kubwa kaitafuteni leo, wote wawili, mkaijaribu kama inazunguka, nimekuta watu wamesimama kwenye maji hadi kifundoni wanaulizana iko wapi. Likiganda bila kupasuka liyeyusheni kwa matambara yaliyolowekwa maji ya moto, koki ikiwa wazi, mkianzia upande wa koki kurudi nyuma, moto wa wazi usilikaribie.

Umeme ukirudi usikimbilie kuwasha kila kitu. Wakati umekatika mlitakiwa muwe mmechomoa vifaa vyote na kuzima majiko, mkaacha balbu moja tu iwape habari. Ikiwaka subirini dakika chache, unaweza kurudi kwa kurukaruka, halafu anzeni na hita, kisha friji, vingine baadaye. Na maji msiyafungulie siku hiyo hiyo kwa haraka, bomba lililopasuka likiwa limeganda halivuji, linaanza kumwaga likishayeyuka, pengine ndo kilichowakuta kesho yake. Subirini nyumba ipate joto mpaka kwenye kuta, halafu shemeji asimame kwenye valvu aifungue robo tu, wewe zunguka na tochi chini ya kila sinki ukisikiliza, ukimpigia kelele afunge.